Walichoacha Wadudu Waliokufa

Nasikia siku hizi nyinyi vijana wa majitaka mnasoma bwawa kwa simu. Mnakaa ofisini, mnabonyeza, namba zinatokea, mnaridhika, mnaenda kunywa chai. Hongera. Mimi nilisoma bwawa kwa pua na macho kwa miaka zaidi ya thelathini na bado nilidanganyika, kwa hivyo sioni kwa nini simu yenu iwe na akili kunishinda. Nikiwasema vibaya mtanivumilia. Nimestaafu, na hakuna barua ya onyo mtakayoweza kuniandikia.

Kazi yangu ilikuwa majitaka. Tulikuwa na mabwawa matatu chini ya mji mmoja wa Makueni, mji ambao sitautaja kwa sababu wale niliofanya nao kazi bado tunasalimiana kanisani. Bwawa la kwanza lilipokea kila kitu: vyoo, jikoni za hoteli, machinjio, hospitali. La pili lilikuwa la kupigwa na jua. La tatu lilikuwa la kutulia, halafu likafuata tangi la klorini, halafu bomba, halafu mto. Nikisema mto, wenyeji mnajua nasema mchanga. Maji huonekana wiki chache za mvua kisha yanazama, na ukiyataka unayafuata chini kwa jembe.

Aliyenifundisha ni Mzee Kilonzo, mtu wa Tulia kule Kitui, mfupi, mkali, asiyemsifu mtu hata kwa bahati mbaya. Siku ya kwanza aliniuliza kama nimesoma. Nikamwambia nimefika kidato cha nne.

"Basi utachelewa kujifunza," akasema, akanipa reki.

Yeye ndiye aliyenionyesha kuzunguka ukingo asubuhi kabla upepo haujaanza, kwa sababu upepo husukuma uchafu wote upande mmoja ukadhani upande wa pili ni msafi. Alinionyesha kwamba bwawa la pili likiwa kijani, wewe tulia. Likianza kuwa la waridi kama sketi ya mtoto wa Sunday school, jua limelemewa, na uende machinjio uwaulize vizuri wamemwaga nini. Tope linaloelea huvutwa nje kwa reki. Wavivu hulipiga lizame ili bosi asilione, halafu linaoza chini na kuibuka wiki ijayo likiwa na hasira. Mimi nilikuwa mmoja wa wavivu hao kwa miezi kama sita hivi, mpaka siku moja Kilonzo alinifanya nilivute lote kwa ndoo, peke yangu, akiwa amekaa juu ya jiwe anakula muwa.

Na klorini. Unga unatiwa ndani ya maji. Maji hayamwagwi juu ya unga. Aliniambia mara tatu, nami nikaitikia mara tatu, kisha nikachukua ndoo ya unga nikaimwagia maji kwa sababu bomba lilikuwa karibu. Ndoo ilichemka, ikatema moshi, nikakimbia nikikohoa, macho yamewaka, nyusi zimegeuka rangi. Kilonzo alinitazama nikigaagaa kwenye nyasi.

"Sasa umesoma," akasema.

Lakini kuna jambo moja alilonifundisha ambalo nililidharau, na hilo ndilo limenifanya nikae hapa kuandika. Alisema, "Mtu akikuuliza kuhusu haya maji, mwambie yamepita hapa. Usimwambie ni safi. Wewe si maji." Niliona ni maneno ya mzee mwoga asiyejua maabara. Alipostaafu mimi nikawa mkubwa wa zamu, na nikaleta ubao.

Ubao wenyewe ulikuwa mweusi, wa shule, tuliutundika mlangoni. Tuliandika tarehe na idadi ya bakteria waliokutwa hai baada ya klorini. Bosi aliupenda ubao ule kuliko watoto wake. Alipenda hasa sifuri. Wageni wakija aliwasimamisha pale kwanza, kabla hawajanusa kitu, na mimi nilisimama kando kwa ovaroli iliyopigwa pasi, nikijiona mtu.

Sasa niwaambie sifuri ile tuliipataje, kwa sababu najua baadhi yenu bado mnaipata vivyo hivyo. Wakaguzi walitoka Nairobi kwa gari la serikali, na watu wa gari la serikali hawapiti Malili, kituo kile cha barabara kuu, bila kusimama kula. Tulikuwa na mtu wetu Malili, muuza matunda, shemeji ya mlinzi. Akiwaona wanashuka, anapiga simu. "Wageni wako wanakula nyama." Basi. Kutoka Malili mpaka kwetu kuna muda wa kutosha wa mtu mwenye bidii kumimina klorini ya wiki nzima ndani ya tangi. Wakifika wanachota maji, wanapima, hakuna mdudu aliye hai. Sifuri. Bosi anatabasamu, wakaguzi wanaandika, kila mtu anarudi nyumbani. Siku nyingine, kama unga haujaletwa, maji yalikwenda mtoni na baraka tu.

Nilijua huo ni udanganyifu. Sitajifanya hapa. Ila nilijiambia kwamba angalau siku za simu ya Malili maji huwa safi kabisa, tena kupita kiasi. Hata dhambi yangu niliihesabu vibaya, kama mtakavyoona.

Dada yangu Ndunge aliolewa chini ya bomba letu, mwendo wa dakika ishirini kufuata mto. Yeye ndiye alikuwa kiongozi wa mwethya wao, kikundi cha wanawake wanaosaidiana kuchimba mitaro ya shamba na kuchimba visima vya mchanga. Kila nyumba ina shimo lake pale mtoni, limezungushiwa matawi ya miiba ili punda wasiingie, na huwezi kuteka kwa mwenzako bila kuomba. Mwaka mmoja wanawake wale waliitisha mkutano kanisani, nikaalikwa kama mtaalamu. Nilikwenda na karatasi niliyonakili kutoka ubaoni.

Ndunge alisimama. Ana sauti, dada yangu, hahitaji kipaza sauti.

"Mwana wa mwaitu," akaniita hivyo mbele ya watu wote, mtoto wa mama yetu, "hiyo maji ya kwenu siku zingine inanuka dawa, siku zingine inanuka vile inanuka. Sisi tumeongea tukaona tuhamie ile mto ya juu, ng'ambo ya kilima. Ni mbali, ni saa moja na nusu, lakini tuko na punda na tuko na miguu. Wewe unasema aje?"

Mtu mwenye akili angesema, yamepita kwetu, amueni wenyewe. Mimi nilicheka.

"Nyinyi wamama mnapenda kutembea tu," nikasema. "Hiyo harufu ni klorini, na klorini inaua kila kitu. Na kama kuna kadudu kamepona, mchanga inachuja. Si hata nyanya zetu walikunywa maji ya mchanga? Angalieni hii karatasi. Mnaona nini hapa? Sifuri."

Mama mmoja mzee wa mstari wa nyuma akainua mkono. "Na hao wadudu wakishauliwa, wanaenda wapi?"

"Wanaenda mbinguni, mama," nikamjibu.

Kanisa zima lilicheka. Ndunge pia alicheka, kwa sababu ni dada yangu na aliona fahari kwamba mtaalamu ni wa kwao. Mpango wa kuhama uliishia hapo. Swali la yule mama lilikuwa swali bora kuliko yote niliyowahi kuulizwa kazini, na mimi nililifanya kichekesho.

Miaka minne hivi ikapita. Ukawa mwaka wa kiangazi kibaya, visima vya mchanga vikawa virefu kuliko mtu, na Ndunge akiwa ndani ya chake akichimba, jembe likateleza likampasua mguu chini ya goti. Alifanya kile ambacho kila mtu wetu angefanya. Aliteka maji palepale shimoni, akaosha kidonda, akakifunga leso, akamalizia kuchimba.

Kilipovimba alikwenda Matiliku siku ya soko akanunua kapsuli, mbili za njano na mbili nyekundu, zimefungwa kwa kipande cha gazeti, bila kuulizwa na mtu zilikuwa za nini. Nyinyi msimcheke, mnafanya hivyohivyo. Mmoja wenu hapa ana kapsuli tatu zilizobaki kwenye droo anazingoja koo lingine limuume, na jirani yangu anawatilia kuku wake antibayotiki kwenye maji ya kunywa kila wiki kama vile ni chumvi. Na zote, zile mlizokunywa na zile mlizochoka nazo mkatupa chooni, zinashuka kwenye bwawa la kwanza. Huko bakteria wanazizoea. Dawa kidogo kila siku, wafe wanyonge, wabaki wagumu.

Homa ilipompanda tukampeleka hospitali, huko wakampa Ndunge dawa moja, wakabadilisha, wakabadilisha tena. Daktari aliniita nje akaniambia wamepima usaha na wale bakteria hawasikii dawa yoyote waliyo nayo kwenye kabati. Aliagiza nyingine kutoka mbali. Ilifika, ikafanya kazi kwenye damu, akapona homa. Mguu ulikuwa umeshaharibika. Waliukata juu ya goti, na mimi ndiye niliyetia sahihi kwa sababu mumewe alikuwa amefariki.

Hata wakati huo sikuwaza bwawa. Nilimlaumu muuza kapsuli, nikalaumu jembe, nikamlaumu Ndunge mwenyewe kwa kuchelewa. Kichwa kigumu kama changu hakifunguki kwa mguu wa mtu mwingine.

Kilichokuja kukifungua ni msichana mmoja aitwaye Mwende, mwanafunzi wa chuo kikuu, mwembamba, gambuti zake kubwa kuliko yeye. Alikuja na barua ya ruhusa mwaka wangu wa mwisho kazini akaomba maji. Nilidhani anataka ya bwawa la kwanza, wote hutaka ya bwawa la kwanza wapige picha. Yeye alitaka yale ya mwisho, baada ya klorini. Akayapitisha kwenye kichujio chenye matundu madogo ambayo bakteria hapiti. Kisha akatupa kile kilichobaki juu ya kichujio, akaweka maji yaliyopita kwenye chupa, akaiandika vizuri, akaitia kwenye barafu.

Nilicheka mpaka mlinzi akaja kuuliza kuna nini.

"Wewe mtoto, umetupa nyama ukabeba maji ya kuoshea sufuria," nikamwambia. "Hapo ndani hakuna kitu. Kwanza klorini imewaua, halafu wewe ukawachuja tena. Unaenda kupima nini?"

"Uko sawa, Mzee. Wadudu hakuna."

"Si nilikuambia!"

"Lakini sikukuja kutafuta wadudu. Nataka ile kitu waliacha."

Nikamuuliza wafu wanaacha nini, urithi? Hakukasirika. Alitazama huku na huku akaona gunia la mahindi la mlinzi limeegemea ukuta.

"Mzee, ukichukua panga upasue hiyo gunia, gunia imeisha, si ndio? Ukihesabu magunia utaandika sifuri. Na mahindi iko wapi?"

"Iko chini."

"Na kuku wakipita?"

Akanieleza polepole, bila kunidharau, jambo ambalo mimi nisingeweza kumfanyia mtu. Ndani ya kila bakteria kuna jeni, maagizo ya namna ya kuishi, na kwa wale sugu kuna jeni ya namna ya kuishinda dawa. Klorini inampasua bakteria, anakufa kweli, lakini zile jeni zinamwagika majini zikiwa nzima. Nyingine zinaoza. Nyingine zinashika tope, au udongo, au chembe za mchanga, na zikishashika hapo haziozi haraka. Halafu bakteria mwingine, mzima, ambaye hajawahi kuonja dawa maishani mwake, anapita, anaokota, anaimeza, anakuwa sugu.

"Na mchanga?" nikauliza. "Si mchanga inachuja?"

"Mchanga inazuia wadudu kiasi. Hizo jeni zingine inazishika tu, zinakaa hapo hapo."

Hapo hapo tunapochimba. Nilielewa kabla hajamaliza. Kila simu ya Malili nilikuwa napasua magunia kwa panga, mengi kwa mpigo, na kumwaga mahindi mtoni, halafu naandika sifuri.

Bado nilikuwa na kiburi kidogo kilichobaki. Nikamwambia hayo ni ya vitabuni. Baada ya miezi kadhaa akarudi na picha. Alikuwa amezitoa zile jeni kwenye maji yangu ya sifuri, akawapa bakteria wasio na madhara kule maabara yao, kisha akawaweka kwenye sahani zenye dawa. Sahani ya kwanza, ya wale ambao hawakupewa kitu, ilikuwa tupu. Ya pili ilikuwa na madoa meupe, yamekua, yamenona, katikati ya dawa. Nilizitazama picha zile mara mbili nikitumaini amezichanganya.

Nikamweleza habari za Ndunge. Nikamuuliza moja kwa moja kama ni maji yangu yaliyomkata mguu. Msichana yule akasema maneno ambayo ningependa nyinyi mjifunze kuyasema.

"Mzee, hiyo siwezi kujua. Inaweza kuwa ni hapo, inaweza kuwa ni soko, inaweza kuwa ni hospitali yenyewe. Mtu akikuambia anajua, muulize amejuaje."

Ningefurahi kama angesema si mimi. Na kuna siku, niwaambie ukweli, ningefurahi kama angesema ni mimi, nijue pa kulia.

Nilikwenda kwa bosi na picha. Akazitazama, akauliza kama kuna sheria inayosema tupime hizo jeni. Nikasema hakuna. "Basi usiniletee vitu havina safu kwenye fomu," akasema. Ubao bado uko pale, nimeambiwa wameupaka rangi upya. Lakini kwa miezi iliyonibakia niliendesha tangi nilivyotaka mimi. Tope nililitoa kwanza, lote, maana jeni hukaa kwenye tope na klorini humalizika bure ikipigana na uchafu. Unga niliutia kwa kipimo kilekile kila siku, maji yakae tangini muda wake kamili, iwe kuna mgeni au hakuna. Tope lililokauka sikumpa mkulima mpaka nimelirundika na majani makavu likachemka lenyewe na kukaa miezi. Mwende alipopima tena alikuta jeni zimepungua. Zimepungua, nasema, hazikuisha. Ningeyafanya hayo tangu mwanzo kwa reki ileile na ndoo zilezile, na muuza matunda wa Malili angebaki na matunda yake.

Wiki niliyostaafu nilikwenda kwa Ndunge. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, kama mtu anayekwenda kuposa. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda uani akipeta mbaazi, magongo yameegemezwa ukutani, upande mmoja wa sketi umelala tu chini.

Nilimweleza yote. Simu, klorini, magunia, sahani. Sikumficha kwamba Mwende hakuwa na hakika. Aliendelea kupeta, makapi yakiruka.

"Kwa hivyo siku ile kanisani ulikuwa unaongea tu," akasema.

"Nilikuwa naongea tu."

"Aiya."

"Ndunge, hameni. Nitaita mkutano mwenyewe, nisimame mbele yao niseme nilikosea. Muende ile mto ya juu. Mlikuwa mmeamua vizuri."

Akaweka ungo chini. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma, kwa sababu hasira ningeijibu.

"Ita mkutano, watakusikia, watahama," akasema. "Mimi nihame na mguu gani, mwana wa mwaitu?"

Kuku akaja kudonoa mbaazi miguuni pangu, nikainama kumfukuza.

Mkutano niliuita. Nilisimama palepale kanisani nikasema nilichosema, na yule mama wa mstari wa nyuma alikuwepo, akanisikiliza hadi mwisho bila kunisaidia hata kwa kuguna. Nusu ya wanawake walihama. Wengine walisema mimi nikiwa na sifuri nasema wakae, nikiwa sina nasema waende, na wao wana kazi.

Mimi nina punda wawili sasa. Mara tatu kwa wiki navuka kilima na mitungi minane, saa moja na nusu kwenda, zaidi ya hapo kurudi, na wanawake njiani wananicheka, mwanamume mzima mwenye pensheni anateka maji. Nawaacha wacheke. Nafika, nalijaza pipa la Ndunge, nalifunika. Hajawahi kuniambia asante, na siku akiniambia sijui nitaiweka wapi.